Emil Hrabak, Mpima Kadi za Kasprak

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Emil Hrabak aliingia dukani kwa Rosalie Tedesco, akavua koti, akaenda kwenye sinki la nyuma kunawa mikono. Aliikausha kwa karatasi, kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha. Ndipo alipoketi kwenye meza iliyo chini ya taa, na ndipo watu walipoanza kumsogezea kadi zao. Kabla ya hapo hakuna aliyethubutu. Emil alisema mikono yenye unyevu imeua kadi nyingi kuliko watoto na mbwa wakijumlishwa pamoja.

Alizaliwa mwaka 1951, mtaa wa juu, nyuma ya kanisa la Waslovakia. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha vioo, na yeye akamfuata huko. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mkanda, mitungi ikipita mbele ya taa kali, na kuitoa ile yenye kiputo au ufa mwembamba kama unywele. Aliifanya miaka thelathini na mmoja. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2004 walimpa saa ya ukutani. Mwaka 2011 mkewe Ludmila akafariki. Mwanawe wa pekee, Thomas, yuko Texas na hupiga simu Krismasi. Baada ya hapo kilichobaki kwa Emil kilikuwa Jumamosi.

Mji wetu hauna mtu maarufu isipokuwa Lonnie Kasprak, na hata yeye si wetu hasa. Mama yake aliishi miji miwili juu ya mto. Kasprak alikuwa kwotabeki katika mpira wa Kimarekani, yule anayepewa mpira kila mchezo unapoanza na kuamua amrushie nani. Kwa miaka kumi na miwili aliichezea timu ya jiji, na katika miaka hiyo ndugu waliokuwa hawasemezani walipigiana simu Jumapili jioni kuzungumza juu yake. Wanaume wa umri wetu wanakusanya kadi zake, zile ndogo za karatasi ngumu zenye picha ya mchezaji. Yenye thamani kuliko zote ni ile ya mwaka wake wa kwanza, 1981. Kasprak amekaa kwenye benchi, helmeti iko magotini, anatazama pembeni kama mtu aliyeitwa na mwingine. Kadi hiyo ina ukingo mweusi, na hilo ndilo tatizo lake. Kwenye ukingo mweusi kila jeraha hutoka jeupe.

Kadi hutumwa kwenye kampuni moja huko California. Watu wa huko hutazama pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati, kisha huipa daraja, moja mpaka kumi, na kuifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Tofauti ya kadi ya tisa na kadi ya kumi haionekani kwa macho ya kawaida. Tofauti ya bei ni kama ya baiskeli na gari.

Kutuma ni gharama, na kusubiri ni wiki tisa. Kwa hiyo sisi tulimpelekea Emil kwanza. Aliishika kadi kwa ncha za vidole, akaiinamisha chini ya taa, akaipitisha kwenye lenzi yake, halafu akasema nambari. Mimi niliandika. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi ofisi ya maji ya wilaya, upande wa kumbukumbu, na mezani waliniita Karani. Daftari langu lilikuwa na mwenye kadi, aina ya kadi, tarehe ya kutuma, alichosema Emil, na kilichorudi. Katika miaka kumi na sita niliandika kadi elfu moja mia moja na arobaini. Emil alipatia kadi tisa katika kila kumi, na alipokosa, alikosa kwa daraja moja tu. Watu walikuja kutoka wilaya nyingine. Kijana mmoja aliendesha gari kwa muda wa saa tatu ili aambiwe usitume, akashukuru na kurudi kwao.

Mwaka 2019 daftari lilianza kwenda upande mmoja.

Kadi mbili zilizotumwa Machi, alizoziita tisa, zilirudi saba. Mezani walisema kampuni imekuwa kali, nami nikakubali. Za Mei zikawa nyingine tatu. Mwishoni mwa Agosti niliketi nyumbani na kuhesabu. Katika kadi ishirini na mbili zilizorudi, kumi na nne zilikuwa chini ya alichosema. Hakuna hata moja iliyokuwa juu. Kampuni ikiwa kali, huwa kali kwa kila mtu, na wale waliotuma bila kupitia kwake walikuwa wanapata daraja zilezile za siku zote.

Nilianza kuona na mambo mengine. Aligeuza kichwa pembeni kidogo alipotazama kadi, kama kuku. Siku moja alimwaga kahawa kando ya kikombe, na Jumamosi nyingine alilisabahi koti la Rosalie lililotundikwa mlangoni.

"Koti langu halijibu, Emil," Rosalie alimwambia. "Lina kiburi kama marehemu mume wangu."

Watu walicheka, na Emil naye akacheka. Mimi sikumwambia kitu. Nilijiambia nitamwambia tukiwa wawili, na kila tulipokuwa wawili nilijiambia si leo.

Mwishoni mwa Septemba, Gus Wojtanik alikuja na kadi yake ya Kasprak ya 1981, iliyokuwa ndani ya kasha, daraja tisa. Gus aliendesha lori la kuondoa theluji la wilaya mpaka mgongo ulipomshinda. Mkewe Marlene alipata kiharusi mwaka uliotangulia, na sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Nyumba yao ina bafu moja, nalo liko ghorofani.

"Marlene anaogea jikoni," Gus alisema akiliweka kasha mezani. "Mwanamke aliyenifunga tai siku ya harusi yetu, namwogesha kando ya friji. Nikiiuza tisa, Emil, napata mlango wa bafu la chini. Nikiiuza kumi, napata bafu."

"Na bomba?" Rosalie aliuliza kutoka kaunta.

"Bomba nitaiba kwako."

"La kwangu linavuja tangu enzi za Kasprak."

Kila mtu mezani alijua Gus anataka nini. Wenye kadi wote huamini kwamba tisa iliyotolewa na mtu aliyechoka Ijumaa jioni inaweza kuwa kumi mikononi mwa mtu aliyelala vizuri. Kujaribu kunawezekana, lakini lazima kwanza uvunje kasha. Ukishalivunja, ile tisa imekufa. Kadi inarudi kuwa kadi tu, na chochote kitakachosemwa mara ya pili ndicho kitakachosimama. Kwetu kulikuwa na desturi: anayesema ivunjwe ndiye anayeivunja. Mtu asitoe ushauri halafu mkono wa mwingine utetemeke.

Emil aliitazama kwa dakika ishirini. Mtaani lori la takataka lilipita na kurudi.

"Aliyeipa hii tisa alikuwa na njaa," alisema mwishowe.

"Kwa hiyo?"

"Kumi."

Daftari lilikuwa wazi mbele yangu. Zile kumi na nne zilikuwa ukurasa wa kushoto, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

"Gus," nikasema, "tisa si mbaya. Mlango si mbaya."

"Msikieni Karani," Gus akasema. "Huyu bwana akiwa na penseli mbili huogopa zitagombana."

Walicheka. Nami nikacheka. Emil hakucheka, alinigeuzia uso, akasubiri kidogo, kama mtu aliyesikia hatua ngazini. Sikuongeza neno, naye akachukua koleo.

Alilifunika kasha kwa kitambaa, akalibana pembe ya juu upande wa lebo mpaka plastiki ikalia. Akaingiza bisibisi bapa kwenye mwanya, akaizungusha taratibu. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi mno mbele yangu. Safari hii bisibisi ilikuwa imeingia mbali kidogo kuliko alivyodhani. Kasha lilipofunguka, nusu ya juu iliteleza, na ukingo wake ukakandamiza pembe ya chini ya kadi, upande wa kushoto. Kilikuwa kitendo cha sekunde moja. Mimi nilikuwa nimeketi mkabala naye. Kwenye ule weusi pakatokea doa jeupe, dogo kama punje ya sukari.

Rosalie alikuwa amesimama nyuma yake na birika la kahawa. Najua aliliona, kwa sababu alikusanya vikombe vyetu na kuvipeleka nyuma, na vikombe vilikuwa bado vimejaa.

Emil aliiweka kadi chini ya taa. Akaigeuza kichwa chini, akaigeuza nyuma, akashusha lenzi.

"Safi," alisema. "Hata unywele hakuna. Karani, andika."

"Niandike nini?"

"Umeziba masikio? Kumi."

Nikaandika kumi.

Gus alimshika bega na kumtikisa. Alituahidi sote kwamba tutakuja kuoga kwake kwa zamu. Kadi ilitumwa Jumatatu, nami niliipeleka posta mwenyewe. Nikiwa kwenye foleni nilifikiri kumpigia Gus simu, lakini kasha lilikuwa limekwisha kuvunjika, na sikuona simu ingerudisha nini. Hivyo ndivyo nilivyojieleza wakati ule.

Kifurushi kilirudi mwishoni mwa Novemba, Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani. Rosalie alikuwa ametuletea mikate yenye nyama ya bata mzinga iliyobaki. Kwa kawaida vifurushi hufunguliwa mezani mbele ya wote, kwa hiyo alikata gundi kwa kisu na kutoa kasha jipya. Aliisoma lebo, akaliweka mbele ya Gus.

Ilikuwa sita.

Gus aliitazama muda mrefu. Kisha akavaa miwani, akaitazama tena.

"Watoto wale wa California," Emil alisema. Uso wake ulikuwa umepauka. "Wanaajiri watoto. Lete hapa. Nipe."

Akaichukua, akaiinua chini ya taa, akageuza kichwa pembeni.

"Wapi? Nionyeshe sita iko wapi. Pembe nzima, kingo nzima."

"Pembe ya chini," Gus alisema.

"Hamna kitu pembe ya chini."

"Kushoto, Emil." Gus aliweka ukucha wake juu ya plastiki. "Hapa. Ni jeupe kama jino."

"Wewe macho yako ya lori la theluji, unaona nyeupe kila mahali."

Siku nyingine mzaha huo ungechekwa. Gus aliacha ukucha wake palepale.

"Hapa, ndugu yangu."

Emil alisogeza lenzi kwenye ukucha, akaisogeza nyuma, akaisogeza tena. Alitafuta muda mrefu mpaka ikawa haifai kumtazama. Kisha akaiweka lenzi mezani na kunigeukia mimi, ingawa macho yake yalitua kidogo kando ya sikio langu.

"Karani. Wewe unaliona?"

"Naliona."

"Umeliona lini?"

Ningeweza kusema sasa hivi. Rosalie alikuwa ameacha kupanga vikombe.

"Siku ileile," nikasema. "Ulipolivunja kasha."

"Na ukaandika kumi."

"Ulisema kumi."

Gus alinigeukia taratibu. Emil aliinua mkono kumzuia, ingawa Gus hakuwa amesema neno.

"Lete daftari," Emil alisema. "Soma. Anzia Machi. Nilichosema mimi, halafu kilichorudi."

"Emil, acha," Rosalie alisema. "Kula mkate."

"Anasoma."

Nikasoma. Machi tisa, kadi ya Bi Oravec, ulisema tisa, ikarudi saba. Machi ishirini na tatu, kadi ya Stan, ulisema tisa, ikarudi saba. Aprili sita, ulisema nane, ikarudi nane. Niliposoma hiyo aliitikia kwa kichwa. Mei nne, ulisema tisa, ikarudi sita. Zilikuwa kadi thelathini na moja mpaka hiyo ya Gus. Baada ya Julai Rosalie alikwenda mlangoni akageuza kibao kuonyesha duka limefungwa, kisha akarudi na kusimama palepale. Nilisoma mpaka mwisho.

"Daktari aliniambia Februari," Emil alisema. Aliongea kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kueleza mkao wa picha. "Katikati ya jicho la kulia pamekufa. La kushoto linafuata. Nikamwuliza, nitajuaje wakati wa kuacha? Akasema utajua mwenyewe. Nikaona huyu bwana ni mjinga, mtu atajuaje asichokiona? Lakini nikasema, kuna daftari. Karani haachi hata nukta ipite. Nikianza kuharibu, ataniambia. Nimekuja hapa kila Jumamosi nikisubiri uniambie. Hukusema. Nikajua basi, bado nafaa."

"Nilifikiri nakutunzia heshima."

"Unanitunzia nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Mnahurumiana nyie wawili," Gus alisema. Alikuwa amesimama, koti mkononi. "Mnaongea vizuri sana. Mmoja haoni na hasemi, mwingine anaona na hasemi. Na Marlene anaogea jikoni."

Alilitia kasha mfukoni kama mtu anavyotia funguo, akafungua mlango mwenyewe, akaondoka.

Jumatatu iliyofuata Emil alimwomba Rosalie ampeleke kwa Gus kwa gari. Alikuwa na kadi mia mbili na kumi na mbili za Kasprak, na kati ya hizo moja ilikuwa ya 1981, daraja tisa, ambayo Ludmila alimnunulia walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Rosalie alibaki garini. Anasema hawakukaa mlangoni hata dakika moja. Emil alinyoosha mkono, Gus akapokea, mlango ukafungwa, na Emil akarudi akipapasa ukuta wa ngazi kwa kiganja.

"Niliichukua," Gus aliniambia baadaye, tulipokutana kwenye duka la vifaa vya ujenzi. "Ulitaka nimwambie hapana? Ili nionekane mwungwana?" Aliiuza majira ya baridi. Alipata mlango na vigae vya upande mmoja. Bafu halikufika. Marlene bado anaogea jikoni, ila sasa kuna pazia.

Emil hakurudi mezani. Watu walimwomba Stan ajaribu kutazama, akakataa. Mimi nilikwenda kwa Emil mara mbili mwezi wa Januari. Mara ya kwanza aliuliza nani, nikasema Karani, akauliza tena nani, mpaka nikataja jina langu la kwenye cheti. Aliniruhusu kuingia. Tulizungumza juu ya theluji na bei ya gesi. Nilimwambia naweza kuja kumsomea gazeti. Alisema Thomas amemtumia redio.

Aprili, Thomas mwenyewe alikuja kumchukua. Angehamia Texas, nyumba ya mwanawe, chumba cha chini kisicho na ngazi. Alinipigia simu kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye karatasi zote za kutuma kadi.

"Sijui lolote kuhusu vitu hivi," alisema. "Nataka kujua kipi kinauzwa na kipi kinatupwa. Baba hataki kusema."

Nilikwenda Jumatano. Masanduku yalikuwa sebuleni, na humo zilikuwamo kadi mia mbili na kumi na moja za Kasprak, nyingi zikiwa kwenye mifuko ya plastiki na hazijawahi kutumwa popote. Kila mfuko ulikuwa na kipande cha karatasi chenye nambari aliyoipa Emil. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi jikoni, mlango uko wazi, ametugeuzia mgongo.

"Nitaje daraja kwa sauti?" nilimwuliza Thomas.

"Taja, mimi naandika."

Nikaanza na za zamani. Hizo zilikuwa kama alivyosema, daraja kwa daraja, na ilikuwa furaha kuzitaja. Nilipofika kwenye zile alizonunua miaka miwili ya mwisho nikasita. Thomas alisubiri na kalamu.

"Karatasi inasema tisa," nikasema. "Ni sita. Uso una mkwaruzo kutoka bega mpaka nambari ya jezi."

Jikoni kiti kililia.

"Hii inasema kumi. Ni saba, pembe mbili zimechoka. Hii inasema tisa." Niliiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. "Hii imekunjwa na kunyooshwa. Haina daraja."

"Ile ya 1984," Emil alisema kutoka jikoni. Hakugeuka. "Anayorusha akiwa hewani. Nililipia fedha nyingi ile. Iko vipi?"

Niliitafuta, nikaipata. Karatasi yake ilisema tisa.

"Ukingo wa juu umekatwa kwa wembe," nikasema. "Mtu aliunyoosha kabla ya kukuuzia."

"Umekatwa sana?"

"Unaonekana."

Thomas alinitazama, akatazama mgongo wa baba yake, akafungua mdomo.

"Endelea," Emil alisema.

Zilikuwa zimebaki sitini na nane. Nilizitaja zote.